KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: Jinsi Chembe za Mwili Zinavyomgundua Adui Aliyejificha Ndani Yake

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sinza, Dar es Salaam)

Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumze juu ya afya, tena nichague jambo litakalowafaa wazee na vijana. Afya ni bahari, na nusu saa ni mtumbwi mdogo. Kwa hiyo nimechagua kona moja tu ya bahari hiyo: namna chembe za miili yetu zinavyomtambua na kumpiga adui aliyekwisha kuingia ndani yake. Na katika maadui hao nitamshika mmoja hasa, kijidudu cha kifua kikuu.

Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Ya pili ni kwamba ugonjwa huu unatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini watu bado wanakufa. Wengine kwa kuchelewa, wengine kwa kuacha dawa katikati. Mgonjwa huambiwa: meza dawa miezi sita, usikose hata siku moja. Ni mara chache anaelezwa kwa nini iwe sita na isiwe miwili. Leo nataka tuitafute hiyo "kwa nini", na tutaipata ndani ya chembe.

MJI WA CHEMBE

Wengi wetu tunaijua historia ya mahali hapa tulipoketi. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, watu wakagawiwa, kila mmoja akajenga kwa uwezo wake. Leo ukitembea kutoka Makaburini mpaka Kwa Remmy huoni kiwanja kitupu. Nyumba zimegusana, na kila moja ina ukuta wake, mlango wake, jiko lake na mahali pake pa taka.

Mwili nao ni mji wa namna hiyo. Nyumba zake ni chembe hai, ambazo vijana siku hizi huziita seli. Mtu mzima anazo zaidi ya trilioni 30. Chembe ya kawaida ina ukuta wake, chumba cha ndani zaidi kinachotunza hati zote za nyumba, yaani kiini chenye DNA, na vifuko vya kuchomea taka.

Mitaa ya mji huu ni damu na majimaji ya mwili. Humo wanapita askari wa doria tunaowaita kingamwili. Askari hawa ni hodari. Wakimkuta adui barabarani watamshika na kumtia alama ili aliwe. Lakini wana upungufu mmoja: kwa kawaida hawaingii ndani ya nyumba. Mwizi akishapita mlangoni na kukaa chumbani, askari wa barabarani anapita nje akiona kuta safi na mapazia yametulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hata nguoni amepapita, yumo mwilini mwa nyumba yenyewe.

Virusi vyote huishi hivyo, maana nje ya chembe haviwezi kuzaana. Bakteria wengine nao wamejifunza mtindo huo, na vimelea kama vya malaria pia. Basi ni lazima nyumba yenyewe ijilinde, na ni lazima ipate njia ya kuwaarifu walio nje. Hayo mawili ndiyo mazungumzo yetu.

MGENI ALIYEKARIBISHWA MEZANI

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na daktari wa Kijerumani, Robert Koch, mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Koch huyo huyo alifika hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na kufanya uchunguzi wa magonjwa ya watu na ya mifugo. Katika damu ya ng'ombe wa pwani hii aliona vijidudu ambavyo miaka michache baadaye vilitambuliwa kuwa ni vya ndigana kali, ule ugonjwa uletwao na kupe. Nao ni mfano mwingine wa adui wa ndani, kwani kijidudu cha ndigana kali huingia katika chembe nyeupe za ng'ombe na kuzifanya zizaane naye.

Mwaka huo huo wa 1882 Elie Metchnikoff, mtaalamu kutoka Urusi, alikuwa Messina, Italia. Alichoma miiba katika miili ya watoto wa kiti cha pwani, akaona chembe zikikusanyika kuuzunguka mwiba kana kwamba zinataka kuula. Akaziita chembe walaji. Sisi pia tunazo, na kubwa zao huitwa makrofaji. Zinakaa kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye wengu na kila mahali penye hatari.

Makrofaji ikikutana na bakteria hufanya kama mtu anayefunga kitu ndani ya nguo yake. Inamzungusha kwa ukuta wake, ukuta unajifunga, na bakteria anabaki ndani ya kifuko. Kifuko hicho kinakwenda kuungana na vifuko vingine vilivyojaa asidi na vimeng'enya, viitwavyo lisosomu, ambavyo viligunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Vifuko vikiungana, bakteria anayeyushwa. Kwa bakteria wengi kazi inaishia hapo.

Sasa tazameni ujanja wa kijidudu cha kifua kikuu. Mgonjwa anapokohoa, vitone vidogo sana vinaelea hewani, mtu mwingine anavivuta, vinafika mwisho kabisa wa pafu. Makrofaji ya pale inakimbilia na kukila kile kijidudu. Hicho hakipigani, kinakubali kuliwa, kwa sababu ndani ya mlaji ndiko kinakotaka kwenda. Mwaka 1971 watafiti wawili wa London, Armstrong na D'Arcy Hart, walionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba vijidudu vilivyokufa vikiliwa, kifuko chao huungana na lisosomu kama kawaida. Vikiliwa vikiwa hai, vifuko vingi haviungani. Kijidudu hai kinazuia muungano ule, na kinakaa katika kifuko chake kama mpangaji aliyebadilisha kitasa cha mlango. Askari aliyetumwa kumkamata mwizi sasa ndiye amempangisha.

CHEMBE INAJUAJE KUNA MGENI?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba chembe iliyoingiliwa hukaa tu ikisubiri msaada. Sivyo. Chembe ina njia za kugundua, na wataalamu wamezielewa vizuri hasa katika miaka 30 iliyopita. Nitazitaja tatu.

Njia ya kwanza ni kutambua kitu chenye umbo la kigeni. Hapa tuna mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 1952 hadi 1953 watu wa uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala, walipatwa na homa kali yenye maumivu ya viungo yaliyowafanya wajikunje. Wenyewe waliiita kwa neno la Kimakonde lenye maana hiyo ya kujikunja, na dunia nzima sasa inaiita chikungunya. Kirusi chake kilipatikana katika damu ya wagonjwa wa huko. Kirusi kama hicho, au kile cha dengue kilichotusumbua sana hapa jijini mwaka 2014, kinapozaana ndani ya chembe hutengeneza nyuzi za RNA zenye sura ambayo RNA ya mwili haina. Ndani ya chembe kuna protini ambazo kazi yake ni kupapasa kila uzi wa RNA. Zikikuta sura hiyo, zinapiga king'ora.

King'ora hicho ni interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Chembe iliyoingiliwa humwaga interferoni nje, majirani wanaipata, nao wanafunga milango na kuandaa silaha kabla adui hajawafikia. Homa ile, uchovu ule na mwili kuvunjika si kazi ya kirusi peke yake. Sehemu yake ni kelele za mji unaoamshana usiku.

Njia ya pili ni kutambua kitu kilichoko mahali pasipo pake. Nimesema kwamba hati za nyumba, yaani DNA, zinatunzwa ndani ya kiini. Hazitakiwi kuonekana zimezagaa sebuleni. Mwaka 2013 kundi la Zhijian Chen huko Texas, Marekani, lilitangaza protini iitwayo cGAS, ambayo kazi yake ni kuikamata DNA iliyo nje ya kiini na kupiga king'ora. Kijidudu cha kifua kikuu, kwa kutaka njia ya kutoka, hutoboa ukuta wa kifuko chake. Katika tundu hilo DNA huvuja. Mwaka 2015 makundi ya watafiti yalionyesha kwamba cGAS inainasa. Hivyo tendo lile lile la mwizi kuvunja ukuta ndilo linalomfichua.

Njia ya tatu ni kuukagua ukuta wenyewe. Upande wa ndani wa vifuko vya chembe umepambwa kwa sukari ambazo upande wa nje hazipo. Kifuko kikitoboka, sukari hizo zinaonekana kwa mara ya kwanza. Kuna protini ziitwazo galektini ambazo hushika sukari hizo papo hapo. Hazihitaji kumjua mwizi ni nani wala ametoka wapi. Zikiona tu dirisha limevunjwa, zinajua kuna jambo.

Vijana, hebu liangalieni jambo hili vizuri. Kati ya njia hizi tatu, mbili hazitazami sura ya adui hata kidogo. Zinatazama utaratibu wa nyumba. Adui anaweza kubadili sura kila mwaka, lakini ni vigumu sana aishi ndani ya nyumba ya mtu bila kuvuruga chochote.

SILAHA ZA NDANI YA NYUMBA

Baada ya kugundua, chembe inafanya nini? Kwanza inamtia adui alama. Kuna protini ndogo iitwayo ubikwitini, ambayo chembe huibandika juu ya kitu chochote kinachotakiwa kuondolewa. Bakteria aliyetoboa kifuko hubandikwa alama hizo mwili mzima, kama nyumba iliyowekwa alama ya X kabla ya barabara kupanuliwa. Kisha ukuta mpya unajengwa kumzunguka, anafungwa upya, na safari hii anapelekwa kwenye lisosomu kwa nguvu.

Kazi hii ya chembe kufunga na kuyeyusha vitu vyake vya ndani inaitwa otofaji, maana yake kujila. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi inavyoendeshwa, na utafiti wake alianza na hamira. Chembe huitumia kila siku kusafisha vitu vilivyochakaa, na ikiwa na njaa huitumia kupata chakula kutoka akibani. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba makrofaji ikichochewa kufanya otofaji, vijidudu vya kifua kikuu vilivyokuwa vimestarehe ndani yake hufikishwa kwenye asidi na kupungua. Ufagio wa nyumba umegeuka rungu.

Silaha nyingine zinafahamika kwa kuwa zina ndugu zake hapa kwetu. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 inayoua vimelea vya nagana, na ndiyo sababu nagana inaua ng'ombe lakini haimdhuru mchungaji. Vimelea vya malale ya Afrika Mashariki, vinavyoenezwa na mbung'o katika mbuga zetu, vimepata protini yao ya kuizuia, na ndiyo maana hivyo vinatuugua sisi. Sasa, mwaka 2021 watafiti wa Marekani walieleza ndugu wa protini hiyo, APOL3, anayekaa ndani ya chembe. Kazi yake inafanana na ya sabuni kwenye mafuta: humvamia bakteria aliyetoroka kutoka kwenye kifuko na kuuyeyusha utando wake.

BALOZI WA NYUMBA KUMI

Lakini nyumba moja haiwezi kushinda vita peke yake, na hapa naomba wazee wenzangu mkumbuke utaratibu wetu wa nyumba kumi kumi. Balozi alitaka kujua kila mgeni aliyelala katika nyumba zake. Mwili una utaratibu huo, tena mkali zaidi.

Kila chembe yenye kiini huchukua vipande vidogo vya protini zote zilizomo ndani yake na kuvitundika nje ya ukuta wake, mchana na usiku. Ni kama kila mwenye nyumba angelazimika kuweka mlangoni sampuli ya kila kilichopikwa jikoni. Wakaguzi wa sampuli hizo ni chembe nyeupe ziitwazo chembe T. Zinapita nyumba hadi nyumba zikigusa vipande hivyo. Zikikuta kipande cha mwili zinapita. Zikikuta kipande cha kigeni zinasimama. Jambo hili liligunduliwa Canberra, Australia, na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, waliolitangaza mwaka 1974 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Chembe T ni za namna mbili. Moja huiua chembe iliyoingiliwa, pamoja na adui aliyemo. Nyingine, iitwayo CD4, hutoa interferoni ya aina ya gama, ambayo kwa makrofaji ni kama amri kutoka makao makuu. Makrofaji iliyokuwa imelala juu ya wapangaji wake huamka, huongeza asidi, huongeza otofaji, na kuanza kuua. Kwa kifua kikuu, hii ndiyo amri kuu. Bila CD4 makrofaji inabaki kumlisha adui.

Sasa mnaweza kuona kwa nini UKIMWI na kifua kikuu vimeshikana mikono katika nchi yetu tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipoonekana Kagera mwaka 1983. VVU vinaingia katika chembe hizo hizo za CD4 na kuzimaliza. Makrofaji inabaki bila amri, na kijidudu kilichokuwa kimefungiwa kwa miaka kinafunguliwa mlango. Hapa Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2001, ulifanyika utafiti ulioitwa DarDar, ambamo watu zaidi ya 2,000 wenye VVU, waliokwisha kuchanjwa BCG utotoni, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa chanjo ya bakteria waliouawa, jamaa wa kijidudu cha kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kifua kikuu kilichothibitishwa maabara kilipungua kwa asilimia 39 katika kundi hilo. Wagonjwa wa jiji hili ndio waliouthibitishia ulimwengu kwamba hata kinga iliyodhoofika inaweza kufundishwa.

Pengine kijana mmoja atauliza: je, malaria? Swali zuri. Kimelea cha malaria kikitoka kwenye ini huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini, na hazitundiki sampuli za kutosha mlangoni kwa mkaguzi kusoma. Adui amechagua nyumba ambayo balozi haifikii. Hata hivyo wengu huchuja damu na kukamata chembe zilizoharibika. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba watu wenye chembe nusu za selimundu, yaani waliorithi kwa mzazi mmoja tu, wamekingwa na malaria kali. Sababu mojawapo ni kwamba chembe zao zikiingiliwa hujikunja mapema, wengu ukazitambua na kuziondoa pamoja na kimelea. Nyumba inajibomoa juu ya mwizi.

NGOME, NA SABABU YA MIEZI SITA

Turudi kwenye kifua kikuu tumalize hesabu yetu. Chembe T zikifika, mwili hujenga ngome kuzunguka makrofaji zilizoingiliwa: kijivimbe kidogo katika pafu, chembe juu ya chembe. Ndani yake hewa ni haba na chakula ni kidogo. Vijidudu vingi vinakufa. Vichache havifi, vinapunguza kazi zote, vinalala, na vinaweza kulala hivyo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 ndio watakaougua katika maisha yao. Kwa baadhi ya waliobaki, vita vinaendelea kimya kimya ndani yao bila wao kujua. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya chembe ambayo hakuna anayeishukuru.

Kwa yule aliyeugua, ngome imevunjika. Akianza dawa, vijidudu vinavyozaana haraka vinakufa katika wiki za mwanzo. Homa inaisha, uzito unarudi, kikohozi kinapungua. Mgonjwa anasema nimepona. Lakini wamebaki wale waliolala ndani ya chembe, ndani ya asidi, na dawa nyingi huua kijidudu kinachofanya kazi kuliko kilicholala. Ndiyo maana miezi miwili ya kwanza dawa ni nne, mojawapo ikiwa pyrazinamide, ambayo hufanya kazi vizuri mahali penye asidi. Ndiyo maana pia rifampicin na isoniazid huendelea miezi minne zaidi, zikimvizia kila kijidudu kinachoinua kichwa. Miezi sita si adhabu wala si tahadhari ya bure. Ni muda wa kumngoja adui wa mwisho atoke chumbani.

Tena hesabu hii haikuletwa kutoka nje ikiwa imekamilika. Kabla ya miaka ya 1970 matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu. Ni wagonjwa wa hospitali za Afrika Mashariki na Zambia, katika majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kuanzia mwaka 1970, walioonyesha kwamba rifampicin au pyrazinamide zikiongezwa, miezi sita yatosha. Kisha mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Daktari Karel Styblo, na utaratibu uliojengwa hapa wa kupima makohozi, kuandika kila mgonjwa kwenye daftari na kumsimamia anapomeza dawa ndio uliochukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 kuwa mfano kwa nchi nyingine. Vijana, hilo ni jambo la kujivunia kuliko mabao mengi ya mpira.

Walio wa darasa langu mnamkumbuka mwenzetu mmoja, sitamtaja jina, aliyekuwa mwepesi wa hesabu na mwenye sauti nzuri katika kwaya. Alianza dawa, mwezi wa tatu akawa amenenepa, akaona aibu kuonekana kliniki, akaacha. Ugonjwa uliporudi ulikuwa umezoea dawa zile. Wakati huo tiba ya kifua kikuu sugu ilichukua karibu miaka miwili, na sindano zake ziliwaondolea wengine uwezo wa kusikia. Hakuimaliza. Tangu mwaka 2022 ipo tiba ya vidonge vya miezi sita hata kwa kifua kikuu sugu, lakini yeye hakuifikia. Alikufa kwa sababu ya vijidudu vichache vilivyobaki ndani ya chembe zake, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba vipo.

MAMBO YA KWENDA NAYO NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo ya kutenda.

Kwanza, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, si mambo ya kutibu kwa dawa ya kikohozi ya dukani. Nenda kituoni ukatoe makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili tangu sampuli iwekwe, na huonyesha pia kama kijidudu kimeizoea rifampicin. Hata panya buku waliofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, wamewatambua kwa kunusa makohozi wagonjwa ambao darubini iliwapita.

Pili, akiugua mmoja nyumbani, walio karibu naye wakapimwe, hasa watoto wadogo na wenye VVU. Zipo dawa za kinga kwa yule aliyeambukizwa ambaye bado hajaugua. Kufungua madirisha hakugharimu kitu, na bweni lenye madirisha yaliyofungwa ni rafiki wa kijidudu hiki.

Tatu, kovu la BCG begani, chanjo iliyoanza kutumiwa mwaka 1921, huwakinga watoto na kifua kikuu cha aina mbaya kuliko kinavyowakinga watu wazima. Usilitegemee kovu hilo ukiwa na miaka 40. Chanjo mpya ya watu wazima ilianza kujaribiwa kwa kiwango kikubwa mwaka 2024, na Kenya ni miongoni mwa nchi za majaribio hayo. Tungojee matokeo, lakini tusingoje kupima.

Nne, na hili ni kwa wote: mtu anayemeza dawa hizi msimkimbie wala msimfiche. Akizimeza sawasawa, na kama kijidudu hakijazizoea, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka sana. Anachohitaji katika mwezi wa tatu, anapojiona mzima, ni mtu wa kumwuliza kila asubuhi, "Umemeza?" Chembe zake zinafanya kazi yao usiku kucha bila kuonekana. Sisi tulio nje kazi yetu ni kuhakikisha dawa inafika mpaka siku ya mwisho.

Na kwa ninyi vijana wa biolojia na kemia: karibu yote niliyoyasema juu ya king'ora cha DNA, kuta zilizotoboka na sabuni ya ndani ya chembe hayakuwamo katika vitabu tulivyosomea sisi hapa. Yamepatikana baada ya sisi kuondoka. Yapo mengine ambayo bado hayamo katika vitabu vyenu, na vijidudu vyenyewe viko hapa hapa kwetu, si Ulaya. Atakayeyapata aweza kuwa ameketi safu ya nyuma ya ukumbi huu.